Moto Kwanza, Viambato Baadaye: Ushauri wa Kuchagua Mtindo wa Pizza

Pizza ni jina moja linalobeba vyakula vingi vinavyotofautiana kwa unene, kwa umbo, kwa muda wa kuoka na hata kwa mpangilio wa tabaka zake, kiasi kwamba mlaji aliyezoea pizza ya Napoli anaweza kuketi mbele ya ile ya Chicago asione undugu wowote baina yao isipokuwa unga wa ngano, nyanya na jibini. Mijadala mingi kuhusu ipi iliyo bora, au kuhusu kama nanasi linastahili kuwekwa juu yake, huanzia mwishoni, yaani kwenye viambato vya juu, ilhali mambo yanayoamua kama pizza itafaulu hutangulia hapo: ukali wa moto, muda wa kuoka, na kiasi cha maji kilichomo katika unga na katika kila kinachotandazwa juu yake. Makala haya yanalinganisha mitindo mashuhuri ya Italia na ya mabara ya Amerika, kisha yanaeleza namna mpishi wa nyumbani anavyoweza kuitumia. Hoja yake kuu ni kwamba kila mtindo uliodumu umetokana na tanuri la aina fulani, na kwa sababu hiyo anayetaka pizza nzuri aanze na moto alionao, ndipo achague mtindo unaoufaa, na viambato vije mwisho.

Maji na moto

Unga wa ngano unapokandwa kwa maji, protini zake huungana na kufanya gluteni, yaani utando unaonyumbuka na kuzuia hewa isitoke, na hamira inapokula sukari iliyomo katika unga hutoa gesi inayojaza vishimo vya utando huo na kuuumua unga. Donge hilo likiingia motoni, maji yaliyomo huanza kugeuka mvuke, na maadamu uso wake ungali na unyevu, joto la uso huo haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi, ambazo ndizo kiwango cha kuchemka kwa maji. Rangi ya kahawia na harufu ya mkate ulioiva vyema hutokea pale protini na sukari zinapobadilika kwenye joto la takriban nyuzi 140 na kuendelea, na kwa hiyo hazipatikani mpaka uso uwe umekauka kwanza. Ugumu wa pizza uko hapo hasa, kwa kuwa upande wake wa chini unatakiwa kukauka na kuiva huku upande wa juu umebebeshwa nyanya zilizojaa maji na jibini ambayo takriban nusu ya uzito wake ni maji.

Ugumu huo una njia chache za kutatuliwa. Tanuri kali sana huutatua kwa kasi, kwa kuikausha na kuibabua ngozi ya donge kabla maji ya nyanya hayajapata nafasi ya kupenya. Tanuri la wastani huutatua kwa muda mrefu zaidi, kwa kutumia jibini kavu zaidi, kwa mafuta yanayokaanga kitako cha donge ndani ya trei, au kwa kupindua mpangilio wa tabaka ili jibini likinge unga dhidi ya nyanya. Msomaji akiishika kanuni hii, tofauti kati ya miji zitaacha kuonekana kama mapendeleo tu ya wenyeji, na ataweza kutabiri ni kiambato gani kitafaa wapi.

Italia: Napoli, Roma na Palermo

Pizza ya Napoli ndiyo iliyowekewa masharti ya wazi kuliko zote. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana kilianzishwa mjini humo mwaka 1984 ili kulinda namna ya kuitengeneza, Umoja wa Ulaya uliisajili mwaka 2010 kuwa chakula cha jadi chenye masharti rasmi, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ustadi wa waokaji wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa mujibu wa masharti hayo, donge hutengenezwa kwa unga, maji, chumvi na hamira pekee, hutandazwa kwa mikono bila kusukumwa kwa mti, kipenyo cha pizza hakizidi sentimita 35, katikati huwa na unene wa takriban milimita 4, na ukingo wake huumuka hadi kimo cha sentimita 1 au 2. Huokwa katika tanuri la kuni ambalo sakafu yake hufikia karibu nyuzi 485, kwa sekunde 60 hadi 90 tu.

Muda huo mfupi ndio unaoeleza kila kitu kingine. Donge halihitaji mafuta wala sukari kwa kuwa moto wenyewe unatosha kulipa rangi na madoa meusi ya ukingoni, nyanya hupondwa zikiwa mbichi kwa kuwa hazina muda wa kupoteza utamu wake, na jibini mbichi ya mozzarella, iwe ya maziwa ya nyati au ya ng'ombe, huyeyuka bila kugeuka ngumu. Katikati ya pizza hubaki laini na yenye unyevu, jambo ambalo wenyeji hulitaka na wageni wengi huliona kama kasoro. Viambato vinavyoheshimika zaidi ni vichache mno: ile iitwayo Marinara huwa na nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni bila jibini yoyote, na Margherita huwa na nyanya, mozzarella, majani ya mrihani na mafuta. Mpishi anayerundika uyoga, pilipili hoho na nyama mbichi juu ya donge la namna hii huwa anaomba sekunde 90 zifanye kazi ya dakika 15.

Roma ina mitindo miwili inayotofautiana kabisa. Ya kwanza ni pizza ya duara iliyo nyembamba na kavu, ambayo donge lake hutiwa mafuta kidogo, husukumwa kwa mti mpaka hewa karibu yote itoke, na huokwa kwa moto mdogo kuliko wa Napoli kwa muda mrefu kiasi, ili ivunjike kwa mlio inapotafunwa. Ya pili ni pizza ya kukatwa vipande, inayookwa katika trei ndefu za pembe nne ndani ya tanuri la umeme, kisha ikakatwa kwa mkasi na kuuzwa kwa uzito. Donge la aina hii ya pili hubeba maji mengi, mara nyingi gramu 75 hadi 80 kwa kila gramu 100 za unga, na huachwa liumuke kwa muda mrefu mahali pa baridi, kwa hiyo ndani hujaa matundu makubwa na nje hukauka. Kwa kuwa kitako chake ni imara, huweza kubeba viambato ambavyo Napoli isingevistahimili, kama vile vipande vyembamba vya viazi mviringo na rosmari, au maua ya mboga ya jamii ya mung'unye pamoja na anchovi, ambao ni samaki wadogo waliohifadhiwa kwa chumvi na walio na ukoo wa karibu na dagaa wa baharini.

Palermo, katika kisiwa cha Sicilia, ina mkate mnene uitwao sfincione, unaopakwa mchuzi wa nyanya uliopikwa kwa vitunguu vingi, anchovi na oregano, ukawekwa jibini kavu ya caciocavallo na kunyunyiziwa chenga za mkate mkavu zilizochanganywa na mafuta. Chenga hizo zina kazi mbili kwa wakati mmoja, kwani hufyonza unyevu na mafuta yanayopanda juu, na zenyewe hukaangika zikawa ngozi yenye mlio. Mpishi yeyote anayesumbuliwa na pizza inayorojeka kwenye oveni ya nyumbani anaweza kuazima mbinu hii bila gharama, kwa kuwa mkate wa jana uliokauka haukosi jikoni.

Ng'ambo ya Atlantiki

Wahamiaji kutoka kusini mwa Italia walipofika Marekani walikuta matanuri ya mkate yaliyochochewa kwa makaa ya mawe, na unga wenye protini nyingi kuliko ule wa kwao. Duka la Gennaro Lombardi mjini New York, ambalo kwa desturi hutajwa kuwa lilianza kuuza pizza mwaka 1905, linahesabiwa kuwa chimbuko la mtindo wa jiji hilo. Baadaye matanuri ya gesi yenye sakafu ya mawe yalienea, na kwa kuwa yalifanya kazi kwenye nyuzi 260 hadi 315 hivi, pizza ikawa pana, ikatiwa mafuta na sukari kidogo ili ipate rangi kwa joto hilo dogo, na mozzarella mbichi ikaachiwa nafasi yake kwa mozzarella kavu. Kanuni za chakula za Marekani huitambua tofauti hiyo kwa tarakimu, kwa kuwa mozzarella ya kawaida huwa na maji zaidi ya asilimia 52 hadi 60, na ile kavu huwa na zaidi ya asilimia 45 hadi 52. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi ni kubwa kwenye sahani, kwani jibini kavu hustahimili dakika nyingi za moto bila kumwaga maji, na kipande cha pizza huweza kukunjwa katikati na kuliwa kwa mkono mmoja njiani. Kiambato kipendwacho zaidi nchini humo ni peperoni, soseji kavu yenye pilipili ambayo mafuta yake huyeyuka na kuipaka jibini rangi ya chungwa.

New Haven, mji wa jimbo la Connecticut, umebaki na matanuri ya makaa ya mawe, na pizza zake ni nyembamba, zenye umbo lisilo la duara kamili na kingo zilizobabuka. Frank Pepe alifungua duka lake huko mwaka 1925, na pizza iliyolipa sifa haina mchuzi wa nyanya, kwani huwekwa kombe, yaani wanyama wa baharini wenye magamba mawili, pamoja na kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni na jibini kavu iliyokunwa. Nyama ya kombe hutoa maji yenye chumvi inapoiva, kwa hiyo kuondoa nyanya na kutumia jibini kavu ni hesabu ya unyevu iliyopigwa vizuri, na wapishi wa mwambao wa Afrika Mashariki wenye kamba, ngisi au pweza wana mengi ya kujifunza hapo.

Chicago ilichukua njia nyingine tangu Pizzeria Uno ilipofunguliwa mwaka 1943. Donge lenye siagi au mafuta mengi hupandishwa kwenye kuta za trei yenye kina, jibini hutangulizwa chini, nyama hufuata, na nyanya zilizopondwa humiminwa juu kabisa. Mpangilio huo huonekana wa ajabu kwa asiyejua sababu yake, lakini pizza inayokaa motoni kwa dakika 30 hadi 45 ingeunguza jibini kama lingewekwa juu, na nyanya nazo zingeulowesha unga kama zingekaa chini. Hata hivyo wenyeji wengi wa Chicago hula zaidi pizza nyembamba na kavu inayokatwa miraba midogo, na ni kosa kuudhani mji mzima kuwa na mtindo mmoja.

Detroit, mji wa viwanda vya magari, ulianza kuoka pizza ya pembe nne mwaka 1946 katika baa iliyokuja kuitwa Buddy's, kwa kutumia trei za chuma kizito zilizokuwa zikitumika viwandani. Donge lenye maji mengi huumuka ndani ya trei iliyopakwa mafuta, jibini hutandazwa mpaka iguse kuta za chuma, na mchuzi wa nyanya huchorwa juu kwa mistari ili usilikandamize donge. Jibini inayogusa chuma hukaangika na kuwa ukoko wa kahawia kuzunguka pande zote, na walaji wengi hugombea vipande vya pembeni kwa sababu hiyo.

Kusini zaidi, Buenos Aires ilipokea wahamiaji wengi kutoka Genova, na pizza yake inayopendwa sana ni fugazzeta, mkate mnene uliojazwa jibini na kufunikwa vitunguu vingi vilivyokatwa vyembamba. Pembeni yake huliwa fainá, mkate bapa wa unga wa dengu, ule ule unaotumika Pwani kwa bajia, na mara nyingi huwekwa juu ya kipande cha pizza ukaliwa pamoja nacho. São Paulo nchini Brazil, ambako tarehe 10 Julai huadhimishwa kuwa siku ya pizza, imezoea viambato vingi vyenye ladha nzito, kama vile mayai ya kuchemsha, zeituni na vitunguu juu ya pizza moja, jibini laini ya kupaka pamoja na kuku aliyechambuliwa, na hata ndizi na mdalasini kwenye pizza tamu inayofunga mlo.

Pwani ya Waswahili

Kile kinachouzwa jioni katika bustani ya Forodhani kwa jina la pizza ya Zanzibar kina nasaba karibu zaidi na mikate iliyojazwa nyama na mayai ya Bahari ya Hindi na Uarabuni kuliko na Napoli, kwa maana donge laini lililolowekwa mafuta hunyooshwa likawa jembamba kama karatasi, likawekwa nyama ya kusaga, vitunguu, pilipili hoho, jibini na yai, kisha likakunjwa pande nne na kukaangwa kwa samli juu ya chuma cha moto. Chakula hiki kinastahili kutajwa katika ulinganisho huu kwa sababu kinathibitisha kanuni ile ile kwa upande mwingine. Moto wake hutoka chini pekee, kwa hiyo viambato vikiachwa wazi juu havitaiva kamwe, na njia ya kuviivisha ni kuvifunga ndani, kukata kila kitu kidogo kidogo, kutumia yai kama gundi, na kukigeuza kitu kizima. Pizza za kuni za Kiitaliano nazo zina makao ya muda mrefu katika mji wa Malindi, ambako jamii ya Waitaliano ilikua tangu miaka ya 1960 karibu na kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco, na kote katika miji ya Kenya na Tanzania mikahawa huweka kuku wa tikka na nyama ya kusaga iliyokolezwa viungo juu ya donge lenye asili ya New York.

Kuchagua mtindo kwa kulitazama jiko

Oveni nyingi za nyumbani hukomea nyuzi 250, na kwa joto hilo pizza ya Napoli haiwezekani, kwani dakika nane au kumi za kuoka donge lisilo na mafuta wala sukari hulikausha likawa gumu kabla halijapata rangi. Mwenye oveni kama hiyo anashauriwa achague mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza ni mtindo wa New York, ambao unahitaji sakafu yenye moto mwingi, na kwa hiyo bamba nene la chuma, jiwe la kuokea, au hata trei nzito iliyopinduliwa iwekwe ndani na kupashwa moto kwa dakika 45 hadi 60 kabla ya pizza kuingia. Chuma hupitisha joto haraka kuliko jiwe, na ndiyo maana kinafaa zaidi pale ambapo oveni haina nguvu. Njia ya pili ni mtindo wa trei, uwe wa Detroit, wa Palermo au wa Roma, ambao haudai vifaa vya pekee na huwasamehe wanaoanza, kwa kuwa mafuta yaliyo chini ya donge hukaanga kitako hata kama oveni ni dhaifu. Anayeoka kwa mara ya kwanza atafanya vizuri zaidi akianza na njia hii ya pili.

Asiye na oveni naye ana uwezo wa kutosha. Kikaango kizito kipashwe moto, donge jembamba liwekwe bila mafuta mpaka upande wa chini upate madoa ya kahawia, kisha ligeuzwe, na viambato vitandazwe juu ya upande uliokwisha kuiva, kwa kuwa ngozi hiyo kavu huukinga unga dhidi ya mchuzi. Kikaango kifunikwe kwa moto mdogo mpaka jibini iyeyuke. Wenye jiko la mkaa wanaweza kutumia ujuzi uliozoeleka wa kuokea mikate na keki kwenye sufuria, yaani kupalia makaa juu ya kifuniko, kwa sharti kwamba moto wa juu uuzidi wa chini, kwa sababu kitako huungua upesi kuliko uso unavyoiva.

Donge

Unga unaofaa kwa pizza ya New York ni ule ambao pakiti yake inaonyesha protini gramu 11 hadi 13 kwa kila gramu 100. Kwa pizza tatu za sentimita 30 hivi, kipimo kinachoaminika ni unga gramu 500, maji gramu 320, chumvi gramu 10, mafuta gramu 10, na hamira kavu ya chenga gramu 2 au 3. Vipimo hivi vipimwe kwa mizani badala ya vikombe, kwa kuwa kikombe cha unga ulioshindiliwa hutofautiana sana na cha unga uliochekechwa, na tofauti ya gramu 40 za maji inatosha kuubadilisha mtindo mzima. Donge likandwe mpaka liwe nyororo, ligawanywe, lipakwe mafuta na kuhifadhiwa kwenye friji kwa saa 24 hadi 72, ambapo hamira hufanya kazi polepole na ladha hukolea. Katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam, donge linaloachwa nje hupita kiwango kwa haraka na kuanza kunata na kunuka uchachu, na kwa hiyo friji ni muhimu zaidi huko kuliko inavyokuwa katika nchi za baridi. Litolewe saa moja au mbili kabla ya kutandazwa, maana donge la baridi hurudi nyuma linapovutwa.

Kwa trei ya sentimita 25 kwa 35, unga gramu 300, maji gramu 210, chumvi gramu 6 na hamira gramu 3 hutosha. Donge hili hunata, na mpishi asishawishike kuliongezea unga, kwani matundu yake makubwa hutokana na maji hayo hayo yanayomsumbua mikononi. Livutwe ndani ya trei yenye mafuta, likigoma liachwe lipumzike dakika 15, kisha livutwe tena.

Viambato na maji yake

Nyanya za sokoni Afrika Mashariki ni nzuri lakini nyingi zina maji mengi, kwa hiyo zimenywe, zipondwe, zichujwe, na kwa oveni ya nyuzi 250 zipikwe kidogo mpaka mchuzi ushike kijiko. Vijiko vitano au sita vya chakula vya mchuzi, sawa na gramu 80 hivi, vinatosha kwa pizza ya sentimita 30, na jibini ya gramu 100 hadi 120 inatosha pia. Walaji wengi huamini kwamba jibini nyingi ni ukarimu, lakini tabaka zito huuzuia mvuke usitoke, na unga ulio chini yake hubaki mbichi. Mozzarella kavu ikunwe nyumbani badala ya kununuliwa ikiwa imekunwa, kwa kuwa ile ya pakiti hupakwa wanga ili isishikane, na wanga huo huzuia kuyeyuka vizuri. Mwenye mozzarella mbichi aikate, aiweke juu ya chujio kwa saa kadhaa, na asiitumie ikiwa bado inatiririka.

Mboga zigawanywe kwa kiasi cha maji yake. Vitunguu na pilipili hoho vikikatwa vyembamba sana huvumilia kuwekwa vibichi, uyoga na bilinganya vikaangwe kwanza mpaka vikauke, na mchicha uchemshwe kwa muda mfupi kisha ukamuliwe kwa nguvu. Kitunguu saumu kilichokatwa huungua juu ya jibini, kwa hiyo kiwekwe chini yake au ndani ya mafuta. Majani ya mrihani na giligilani huwekwa pizza ikitoka motoni, isipokuwa katika tanuri la Napoli ambako sekunde 90 haziyaui kabisa.

Nyama ya kusaga na kuku viive kabla ya kuwekwa, kwa kuwa dakika nane hazitoshi kuviivisha kwa usalama, na mafuta yake yamwagwe. Peperoni ya Marekani kwa kawaida hutengenezwa kwa nyama ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe, hivyo Waislamu na wengineo wasioila wahakikishe wanapata ile ya ng'ombe yenye alama ya halali. Samaki wana masharti yao: kamba wadogo huiva ndani ya dakika chache na waongezwe katikati ya muda wa kuoka, pweza achemshwe mpaka alainike kabla, na jodari wa kopo akamuliwe. Wote hawa hupatana zaidi na pizza isiyo na mchuzi wa nyanya, kwa mafuta, kitunguu saumu na pilipili, kama New Haven inavyoonyesha.

Nanasi liliingizwa kwenye pizza mwaka 1962 na Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada na kufungua mgahawa mjini Chatham, Ontario, na ubishi juu yake haujatulia tangu hapo. Kwa mtazamo wa moto na maji, mashtaka mengi dhidi ya nanasi ni mashtaka dhidi ya juisi yake. Nanasi bichi la Pwani likatwe vipande vyembamba, likaushwe kwenye kikaango kikavu mpaka lianze kupata rangi, na liwekwe pamoja na kitu chenye chumvi na ukali, kama nyama ya kuku iliyofukizwa moshi na pilipili mbichi. Likiandaliwa hivyo huwa kiambato chenye mizani nzuri ya utamu na uchachu, na asiyelipenda atakuwa anakataa ladha yake, jambo ambalo ni haki ya kila mlaji.

Kuhusu idadi, kanuni iliyo salama ni kwamba pizza nyembamba isizidishiwe viambato vitatu juu ya nyanya na jibini, na ile ya trei inaweza kubeba vinne au vitano. Katika kuvichagua, mpishi aangalie kama amepata chumvi, uchachu, mafuta na ukali, kwa maana viambato vitano vyenye ladha moja huchosha kuliko viwili vinavyokamilishana.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Anayetaka kujua mtindo anaoupenda kwa kweli asiulinganishe ule wa mkahawa mmoja wenye nyama nne na ule wa mkahawa mwingine wenye jibini tupu. Aagize au aoke kila mtindo katika umbo lake sahili, wenye nyanya na jibini pekee, kwa kuwa hapo donge na moto havina pa kujificha. Akiinua kipande atazame kitako kama kina rangi ya kahawia yenye madoa au kimepauka, akate ukingo aone kama una matundu au umeshikana kama uji uliopoa, na aonje unga wenyewe bila chochote juu yake, kwani unga usio na ladha hauponywi na jibini. Kila mtindo nao upimwe kwa lengo lake: kuilaumu Napoli kwa ulaini wa katikati, au Chicago kwa uzito, ni kuvilaumu vyakula hivyo kwa kutimiza kile vilichokusudiwa.

Nyumbani, mpishi abadilishe jambo moja tu kila anapooka, iwe ni muda wa donge kukaa frijini, kiasi cha maji, au mahali pa trei ndani ya oveni, na aandike matokeo pembeni ya vipimo. Baada ya kuoka mara chache kwa utaratibu huo, atakuwa na kipimo kinacholingana na jiko lake, unga wa duka lake na hali ya hewa ya mji wake, na hapo ataweza kuchagua viambato kwa uhuru mkubwa, kwa sababu atajua mapema ni vipi moto wake utavibeba na ni vipi utavishindwa.